Aliyeuza hadithi hajauza mhusika

Filamu ikiuza sana, ugomvi wa sehemu ya pili hauchelewi, na lawama karibu kila mara humwangukia mtunzi. Aliuza, akasaini, akalipwa; sasa anarudi kudai wahusika wake, anataka kula mara mbili. Wanaosema hivyo husahau kuuliza ni kitu gani hasa kiliuzwa.

Chukua kesi ya Sam Spade, mpelelezi wa kubuni. Mwaka 1930 mtunzi wake, Dashiell Hammett, na mchapishaji wake waliiuzia studio ya filamu ya Warner Bros. haki za kuitumia riwaya ya The Maltese Falcon katika filamu, redio na televisheni, kwa dola 8,500. Mwaka 1946 Hammett akaliruhusu shirika la utangazaji la CBS kumtumia mpelelezi wake huyo katika mchezo wa redio wenye visa vipya. Warner ikaenda mahakamani. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufaa huko Marekani iliigomea: mkataba ulitaja mambo mengi waziwazi, hata jina la kitabu, lakini haukusema popote kwamba wahusika nao wameuzwa. Tena majaji waliona kuwa Warner ni kampuni kubwa, yenye uzoefu. Ingewataka wahusika, ingeandika. Na kufikia hapo ilikuwa imeshatoa filamu tatu kutokana na riwaya hiyohiyo, mwaka 1931, 1936 na 1941. Kama kuna aliyekula mara kadhaa, si Hammett.

Studio nazo zina hoja. Ndizo zinazobeba hasara filamu ikianguka, na sura inayotujia tukisikia jina la mhusika mara nyingi ni ya mwigizaji waliyemchagua wao (kwa wengi, Spade ni Humphrey Bogart). Hakuna anayetaka kumwaga mamilioni kumtangaza mhusika, kisha mshindani aibuke naye. Ndiyo maana siku hizi mikataba huzibeba haki za mwendelezo mapema, kwa maneno mapana.

Haya, zibebwe. Zinalipwaje? Mazoea ya Hollywood mara nyingi ni kumlipa mtunzi nusu ya bei ya awali kwa filamu ya mwendelezo, na theluthi ikiwa ileile inatengenezwa upya. Nusu ya nini? Ya bei iliyokubaliwa siku ambayo mhusika hajulikani na mtunzi pengine anadaiwa kodi ya nyumba. Kwa zile 8,500 za Hammett, ni dola 4,250. Hapa ndipo ninapokwama kila nikiipiga hesabu hii: sehemu ya pili hutengenezwa kwa sababu ya kwanza imefaulu, bajeti hupanda, malipo ya nyota hupanda, lakini aliyemzaa mhusika anashuka hadi nusu. Mtu wa studio atajibu kwamba mtunzi hakuandika hata sentensi moja ya hadithi mpya. Ni kweli. Lakini jina linalojaza ukumbi ni lile alilolibuni yeye.

Kupanga bei mapema ni kamari kwa pande zote mbili. Studio ya Fox ilimwachia mwongozaji George Lucas haki za mwendelezo za filamu ya Star Wars bila kuona thamani yake. Mwaka 2012 Disney iliinunua kampuni ya Lucas kwa takriban dola bilioni 4. Mwongozaji James Cameron naye aliuza haki za filamu ya The Terminator kwa dola moja, ilimradi aiongoze mwenyewe.

Wengine wanapendekeza haki zirudi kwa mtunzi studio ikizikalia bila kuzitumia. Naunga mkono, ila pendekezo hilo nalo lina mwanya: mapema miaka ya 1990 waliokuwa na haki za Fantastic Four, mashujaa wa vitabu vya katuni, walitengeneza filamu ya chapuchapu, ya bajeti ndogo, ili haki zisiwaponyoke, na haikuwahi kutolewa rasmi. Kwa hiyo muda peke yake hautoshi. Kifungu cha kugombania mezani ni kile cha malipo: fedha za mwendelezo zipimwe kwa mapato ya filamu ya kwanza badala ya hundi ya siku ya kusaini, na mtunzi awe wa kwanza kuulizwa kama anataka kuiandika inayofuata.