Paka mzee akikojoa kitandani, msimpeleke Feri

Upo ushauri ambao watu hupeana kwa wepesi unaoniuma. Paka amezeeka, ameanza kukojoa kwenye godoro au kapeti, basi mtie kwenye kiroba ukamwache Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, huko samaki wamejaa, hatakosa riziki. Paka wa miaka 13 aliyekulia ndani, meno yamepungua, hajui gari wala mbwa! Madume ya pale sokoni yatamfukuza kwenye kila utumbo wa samaki unaoanguka. Na ule mkojo uliomponza, mara nyingi sana, ulikuwa dalili ya ugonjwa ambao hakuna aliyemchunguza.

Paka hana tabia ya kulipiza kisasi. Hakojoi kwenye shuka kwa sababu umesafiri au umeleta mtoto mchanga. Mabadiliko ya nyumbani humtia hofu, hilo kweli, na hofu huweza kumsumbua kibofu, lakini kwa paka aliyepita miaka 10 tuanze na mwili.

Kwanza kabisa, la dharura. Paka, hasa dume, anayeingia kwenye mchanga wake wa kujisaidia kila dakika chache, anachuchumaa, analia, na hakitoki kitu au yanatoka matone tu, njia yake ya mkojo huenda imeziba. Potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama, na yote hayo huweza kutokea ndani ya siku moja au mbili. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Ambaye mkojo wake umekuwa mwingi kupita kawaida, shuku figo, kisukari au tezi ya thairoidi. Pima maji anayokunywa: jaza bakuli kwa kipimo, baada ya saa 24 pima yaliyobaki. Paka wa kilo 4 akimaliza zaidi ya mililita 200 kwa siku, hiyo si kiu ya joto la Dar. Daktari wa mifugo atataka mkojo na damu. Ili kupata mkojo, toa mchanga wote, osha chombo, weka kokoto ndogo safi zisizonyonya, kisha vuta mkojo kwa sirinji isiyo na sindano. Uweke kwenye friji na uufikishe siku hiyo hiyo. UTI nayo huwapata wazee zaidi kuliko vijana, na haitibiwi kwa antibayotiki zilizobaki kwenye droo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, kwa sababu halihitaji hata pesa kulirekebisha. Viungo. Uchunguzi wa picha za eksirei uliochapishwa mwaka 2002 uliwaangalia paka 100 wenye zaidi ya miaka 12, na 90 kati yao walikutwa na viungo vilivyochakaa. Paka hachechemei kama mbwa. Yeye huacha kuruka dirishani, hupanda kiti kwanza ndipo apande meza, manyoya ya mgongoni karibu na mkia yanasokotana kwa sababu hawezi kujigeuza kujilamba, kucha zinarefuka hadi zinagonga sakafuni. Watu wanasema amekuwa mvivu. Kisha wanamwekea mchanga kwenye beseni lenye ukingo wa sentimita 20, lipo roshani au ghorofa ya chini, na wanashangaa akikojoa kwenye kapeti, penye ulaini na pasipo kizingiti. Kila akiinua mguu kuvuka ule ukingo nyonga inauma, na baada ya muda anaamini kwamba beseni ndilo linalomuumiza.

Chukua beseni kubwa la kufulia au kontena la plastiki lenye urefu wa sentimita 60 hadi 70. Lile dogo linalouzwa madukani linamtosha paka wa miezi minne. Upande mmoja kata mlango wenye upana wa sentimita 25, ukibakiza ukingo wa sentimita 5 tu kutoka chini. Kisu kilichopashwa moto hukata vizuri. Piga msasa, halafu funika makali kwa tepu nene. Pande nyingine ziache ndefu, kwa maana paka mwenye nyonga mbovu hachuchumai mpaka chini. Anakojoa nusu amesimama, mkojo unapita juu ya ukingo mfupi, na wenye nyumba wanadai amekojoa nje ilhali miguu yote minne ilikuwa ndani.

Mchanga uwe laini, uliochekechwa na kukaushwa juani, kina cha sentimita 3 au 4. Ukizidisha, miguu inazama na anayumba. Mchanga wa baharini uoshwe kwanza chumvi itoke, la sivyo unabaki na unyevu. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa usiyaguse. Toa uchafu asubuhi na jioni, na kwa kuwa mchanga wa kawaida haugandi, mkojo hushuka chini, hivyo badilisha wote kila baada ya siku mbili au tatu. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Kama ni paka mmoja, weka mabeseni mawili, moja karibu na anapolala, yote mbali na chakula. La zamani usiliondoe mpaka alizoee jipya. Paka anayelia usiku na kuonekana amepotea ndani ya nyumba anayoijua, mwachie taa ndogo iwashwe.

Msimpe panadoli. Naandika hivi nikijua wapo wanaoivunja robo na kumchanganyia kwenye dagaa. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo kama letu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni hatari kwake. Zipo dawa za maumivu za paka, na daktari atapima figo kabla ya kuzitoa kwa sababu baadhi huzielemea.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kwenye nyumba ya watu wanaosali jambo hili ni zito. Paka mwenyewe si najisi, mkojo wake ndio najisi, na mtu aliyekuta mswala umelowa alfajiri ana haki ya kukasirika. Mswala utundikwe na mlango wa chumba ufungwe. Hilo halihitaji kiroba.

Usafi ndipo wengi wanapoharibu. Klorini juu ya mkojo hutoa hewa yenye sumu, na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji humdhuru paka anapolamba miguu. Kamua kwanza kwa kitambaa kikavu, usisugue. Suuza kwa maji baridi. Kisha changanya sehemu moja ya sabuni ya unga yenye vimeng'enya na sehemu tisa za maji, jaribu kwenye pembe isiyoonekana, mwagia, acha dakika 15, suuza, kausha, malizia kwa spiriti. Godoro la sponji likandamize maji yafike ulipofika mkojo, ndipo ulianike. Fuwele za asidi ya mkojo haziyeyuki kwa maji matupu, ndiyo maana harufu hurudi masika hewa ikiwa nzito, na paka akiinusa anarudi pale pale. Vile vitochi vya kukagulia noti bandia vinaonyesha madoa usiku taa zikizimwa.

Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kujificha tu, na utakuja kuupata nyuma ya kabati baada ya wiki.

Ukiishi mbali na kliniki ya wanyama wadogo, mtafute daktari wa mifugo wa wilaya, hata kama amezoea ng'ombe. Mpelekee mkojo, kipimo cha maji ya siku tatu, uzito wa paka, na video ya namna anavyotembea na kupanda ngazi. Video hiyo irekodi nyumbani, kwa sababu mezani pa daktari paka hujikunja akakaa kimya, na hakuna atakayeona nyonga inayouma.