Mimi na Upepo Hatuelewani

Mimi na upepo hatuelewani. Sisemi huu wa nje, ambao hapa Njombe mwezi wa sita unapenya makoti mawili na kukukuta kwenye fulana. Huo tumezoeana. Nasema upepo unaokaa ndani ya vitu. Mahali unapotakiwa kubaki, unavuja. Mahali unapotakiwa kutoka, umejifungia.

Tangu nistaafu, mama watoto hapendi kunikuta nimekaa. Akishika fagio lazima atake kufagia pale pale nilipo. "Mzee, tafuta shughuli." Haya, nikatafuta mbili kwa mkupuo: kupiga kodiani, kile chombo cha muziki cha kuvuta na kusukuma, na kutengeneza pombe ya epo. Vitabuni huitwa matufaha, lakini nenda sokoni ukaombe matufaha uone utakavyotazamwa.

Kodiani niliinunua kwa kwaya moja iliyohamia kwenye kinanda cha umeme. Walivyoipokea ile hela haraka, ilitakiwa nishtuke. Kichwani nilikuwa na picha ya wale mabwana wa taarabu wa Ikhwani Safaa kule Unguja, wamekaa vitini, nyuso zimetulia utadhani wanasubiri chai. Chama chao kipo tangu 1905, na sasa najua kwa nini wanakaa. Hii yangu ina kilo kumi na moja. Niliivaa nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Dakika ya tano nikamwita mjukuu aje anivue.

Mkono wa kulia una vitufe 41 kama vya piano, hivyo ukiinama unaviona. Wa kushoto una vidude 120, na huvioni hata ufanyeje, maana vimegeukia upande wa pili. Kimoja kati yao kina kishimo ili kidole kikitambue. Alama moja kwenye vidude 120, mtengenezaji akaona inatosha! Cyrill Demian, aliyeandikisha hataza, yaani hati ya uvumbuzi, ya chombo hiki kule Vienna mwaka 1829, cha kwake kilikuwa na vitufe vitano tu. Nani aliwatuma waongeze?

Basi ukivuta mivukuto, lile tumbo lake la kukunjika, unapata sauti moja ya muziki na tatu za pumu. Fundi wa kodiani sikumpata. Nikaenda kwa fundi baiskeli, maana na yeye anakula kwa vitu vinavyovuja. Akaigeuza, akaibonyeza, akasikiliza ubavuni kama daktari. Kisha akamgeukia kijana wake: "Leta beseni la maji."

"La nini?"

"Tuizamishe, tuone povu linatokea wapi."

Niliikumbatia kama mtoto. Nikamweleza kwamba ndani mna karatasi ngumu, ngozi, na vyuma vyembamba vilivyoshikizwa kwa nta. Ikiingia maji tu, tunazika. Akanitazama kwa huruma. "Sasa mzee wangu, bila maji tutajuaje?"

Tulijua kwa shavu langu. Yeye anabana, mimi napitisha shavu kona kwa kona mpaka linapohisi baridi, na wateja wa pampu wamesimama foleni wanaangalia mtu mzima anavyobusu sanduku. Matundu mawili. Akaziba kwa viraka vya tyubu na solusheni. Sasa nikipiga, nyumba nzima inanuka gereji.

Twende kwenye epo. Huku kwetu pombe ya mianzi, ulanzi, ipo; ya nafaka, komoni, ipo. Mwenye akili zake asingehangaika. Lakini ulanzi una msimu wake wa mvua, na epo lililopondeka halina mnunuzi, nikasema hapa pana nafuu. Nikabeba ndoo tatu. Nilidhani ni kukamua kama chungwa. Wapi! Epo ukilibana linakutazama tu. Lazima ulitwange kwanza. Nikatwanga kwenye kinu cha mama watoto, nikafunga ile rojo kwenye kitambaa chake cha kuchujia tui (hilo nalo halijaisha), nikaweka ubao juu, nikaukalia. Juisi ikatoka kwa kusitasita. Nikaagiza kodiani, nikaipakata niongeze uzito. Ndiyo siku pekee zile kilo kumi na moja zimenifaa.

Nikapata lita kumi na mbili. Hamira sikutia, ile iliyomo kwenye ganda la tunda inatosha. Dumu, mrija, ncha ya mrija ndani ya kikombe cha maji: glu, glu, glu. Mapigo yake yalikuwa thabiti kuliko yangu. Wiki ya tatu baridi ikakaza, glu ikakoma. Nikajua imeiva.

Kumbe imelala. Baridi huilaza hamira bila kuiua, na sukari ilikuwa bado imo. Mimi huyo nikajaza chupa kumi na sita za kioo, nikakaza vifuniko kwa meno ya koleo, halafu, kwa huruma yangu, nikazipanga nyuma ya jiko la mkaa zisipigwe na baridi.

Ya kwanza ilipasuka saa nane usiku. Ya pili ilingoja nirudi kitandani. Mama watoto hakusema neno, akavuta blanketi lote upande wake. Zikafika tano.

Alfajiri balozi wa nyumba kumi huyo mlangoni, sweta juu ya nguo za kulalia.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene."

"Majirani wamesikia risasi. Tano."

"Si risasi, balozi. Ni matunda."

Akataka kuyaona. Nikafungua chupa moja polepole, ikatema povu mpaka kifuani kwake. Akalamba kiganja. Akanyamaza. Akavuta kigoda.

"Na ule mlio wa jioni, kama ng'ombe anayezaa, nao ni matunda?"

Nikaleta kodiani nimtoe wasiwasi. Nilipovuta tu, kitufe kimoja kikanasa, sauti ikawa ile ile nikivuta, ile ile nikisukuma, nacho kidole nimeshakiondoa zamani. Balozi alisikiliza kwa heshima mpaka glasi ikaisha.

"Mzee," akasema, "kwenye taarifa nitaandika risasi."

Akaondoka na chupa mbili za ushahidi. Jioni alirudi, anasema ushahidi haukutosha.