Chemba ya oksijeni kwa mguu wa sukari: kabla hatujauza ploti

Mjomba wangu ameendesha lori la Mombasa miaka mingi, pale Busia wengi wanamjua, na sukari ameishi nayo muda mrefu tu. Mwaka huu alivua lugabire, zile ndala za tairi, jioni tukaona damu imekauka kwenye raba, kumbe msumari wa kiatu ulimpenya unyayo tangu asubuhi na yeye ametembea nao mchana kutwa bila kusikia kitu. Kidonda kilikuwa kama kifungo cha shati. Miezi mitatu baadaye, sista akisafisha, niliona kitu cheupe ndani nikadhani ni usaha, akaniambia polepole, huo ni mfupa.

Hapo ndo binamu yetu wa Dubai akatuma voisi kwa grupu ya familia, ati kuna chemba ya oksijeni, mgonjwa analala ndani kama kwa chupa kubwa anapumua tu, mishipa ya damu inakuwa mipya, vipindi 40, kwa hiyo tuuze ile ploti ya barabarani. Mama mdogo akakubali palepale. Mimi nikaomba muda nisome, na nimesoma wiki tatu, haya ndo niliyoyapata.

Kwanza, si uongo. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21, kwenye chemba unavuta asilimia 100 na presha imepandishwa mara mbili mpaka mbili na nusu, kama dakika 90 kila kipindi, siku tano kwa wiki. Seli nyekundu hata ukiwa nje zimeshajaa oksijeni karibu zote, haziwezi kubeba zaidi, kinachoongezeka ni ile inayoyeyuka kwenye maji ya damu yenyewe, vile gesi inakaa ndani ya soda kabla hujafungua kizibo. Mwaka 1960 daktari Boerema wa Amsterdam alionyesha nguruwe waliotolewa karibu seli zao zote nyekundu wakabaki hai ndani ya chemba kwa hiyo oksijeni ya kuyeyuka peke yake. Nikasema basi, hiki kitu kina nguvu.

Na kwa mishipa kuna sababu ya kweli. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu ule utando wa ndani wa mshipa, mshipa unashindwa kutanuka vizuri, halafu ile mirefu ya chini ya goti inajaa mafuta na chokaa mpaka inaziba. Oksijeni ya chemba, wiki baada ya wiki, inaamsha mwili uoteshe vimishipa vidogo vidogo kuingia kwenye kidonda, inatoa seli changa kwenye uboho, na seli nyeupe zinapata nguvu ya kuua bakteria manake zinaulia kwa oksijeni. Lakini ile mirefu iliyoziba haizibuki. Hiyo voisi haikusema hapo, na mimi naona hapo ndo kesi yote ilipo, manake hata oksijeni ikiyeyuka namna gani bado inasafiri ndani ya damu, na damu ikikwama gotini haifiki kidoleni.

Sasa utafiti. Wasweden mwaka 2010 walichukua wagonjwa 94 wenye vidonda sugu vya mguu wa sukari, wote wakaingia chemba, nusu wakavuta oksijeni, nusu hewa ya kawaida tu na hakuna aliyejua yuko upande gani. Baada ya mwaka, asilimia 52 ya waliovuta oksijeni walikuwa wamepona, wale wengine 29. Ukipiga hesabu ni kama mtu mmoja wa ziada kwa kila wanne, na mimi siwezi kusema hiyo ni kidogo, kwa dereva mguu ndo kazi na ndo ada ya watoto. Lakini Kanada mwaka 2016 wakarudia kwa watu 103 kwa njia hiyohiyo ya kuficha, wiki 12, hawakuona tofauti kwa kupona wala kwa waliofika hatua ya kukatwa. Uholanzi mwaka 2018 wakachukua 120 ambao mishipa yao imeziba, miguu iliyookolewa ilikuwa 53 kwa upande wa chemba na 47 kwa upande wa matibabu ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu haishiki, halafu asilimia 35 ya waliopangiwa chemba walishindwa kumaliza vipindi. Na hao wako Uholanzi, barabara nzuri, bima ipo. Mzee wa Busia kwenda kila siku siku 40 unamtoa wapi?

Wanaoitetea wanasema majaribio yalichanganya watu, na hapo nawaunga mkono, manake ukimpa mwenye mshipa uliokufa na mwenye mshipa unaopita dawa moja, wastani utakudanganya. Marekani bima ya wazee inalipia tu kidonda kirefu kilichofika mfupani au kuoza, na baada ya siku 30 za matibabu mazuri bila mabadiliko. Matibabu mazuri yenyewe ni kitu gani? Kusafisha nyama iliyokufa, dawa ya maambukizi, sukari ishuke, na mguu usikanyagwe, gipsi ya kufunika mguu kuanzia unyayo mpaka chini ya goti ndo inaongoza hapo. Mjomba hajafungwa gipsi hata siku moja. Alikuwa anaenda kliniki kwa boda na kurudi akikanyagia kilekile kidonda.

Hatari zipo ingawa chache, masikio kuuma, macho kuona karibu tu kwa wiki kadhaa, sukari kushuka ghafla ndani kwa hiyo lazima ipimwe kabla ya kuingia, na moto, Milan mwaka 1997 moto ndani ya chemba uliua watu 11. Ndo maana huingii na simu wala umejipaka vaselini. Na yale mahema laini ya kujaza upepo yanayouzwa mtandaoni, presha yake inafika kama mara 1.3 ya kawaida tu, hayo si kitu kilichopimwa Sweden, msimpeleke mtu huko.

Juzi sista alimwekea mjomba vidole viwili juu ya mguu, karibu na kifundo, akatafuta pigo muda mrefu, akahamia nyuma ya kifundo, akatafuta tena. Kwenye ule mguu mwingine usio na kidonda pigo alilipata haraka. Huu mbovu akatikisa kichwa, akasema apimwe presha ya kidole gumba cha mguu, si ya kifundo, manake kwa wenye sukari chokaa inafanya mshipa wa kifundo uwe mgumu kipimo kinatoa namba nzuri ya uongo. Ikiwa chini ya 30 anahitaji daktari wa mishipa haraka, pengine kuzibuliwa kwa puto, na hiyo pesa ya ploti itaenda huko kwanza. Damu ikipita na kidonda bado kimegoma, hapo binamu alete hesabu ya chemba na mimi nitasaini.

Jumatatu tunaenda Kampala. Mjomba hataki kubebwa, lakini amekubali magongo.