Kabla ya kuilaumu vanishi, tazama balbu

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, iwe kiangazi au masika. Ukijumlisha foleni, mwenye ajira anaingia kwake giza limeshatanda. Kwa hiyo kabati la televisheni, meza ya chakula na kile kitanda cha tano kwa sita alivyovitolea jasho, anavitazama chini ya taa karibu kila siku na chini ya jua labda Jumapili. Sasa vitu hivyo huchaguliwa wapi? Keko, mtaa wa mafundi samani, saa saba mchana, nje ya karakana, jua la utosini. Huu ndio ugomvi wangu na namna tunavyopamba nyumba zetu: rangi ya mbao tunaichagua kwa mwanga ambao nyumbani hatuna, na taa tunaziacha ziamuliwe na fundi umeme siku ya mwisho, hela imekwisha.

Mninga wenye vanishi ukiusimamisha juani unaona kahawia yenye wekundu, na mistari ya giza inayopindapinda. Uingize kwenye sebule za kisasa za huku kwetu: marumaru meupe yanayoteleza, dari la jipsamu, spotilaiti za mwanga mweupe zimetapakaa juu. Wekundu huuoni tena. Inabaki kahawia ya vumbi. Mwenye nyumba anapiga simu: "Fundi, hii siyo rangi niliyoiona pale." Fundi naye anaapa: "Bosi, mbao ni ileile, hata kopo la vanishi ni lilelile." Wote wawili wanasema kweli, na mara nyingi kesi huishia kwa vanishi kukwanguliwa bure.

Sababu yake inaeleweka. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni kijipande kinachotoa mwanga wa bluu, kikafunikwa na unga wa fosfori. Unga huo hugeuza sehemu ya bluu kuwa njano, vikichanganyika jicho linaona weupe. (LED ya bluu iliwapa watafiti watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Heshima yao naitambua, ila sidhani kama mninga walikuwa nao akilini.) Tatizo ni kwamba balbu nyingi za bei ya chini hutoa nyekundu kidogo mno. Na mbao haitoi rangi yenyewe, hurudisha sehemu ya kile ilichomulikiwa. Usipoipa nyekundu, haina nyekundu ya kukurudishia.

Ukigeuza boksi la balbu pale Kariakoo, zipo namba mbili zenye maana kuliko wati. Ya kwanza huishia na K: 6500 ni ule weupe unaokaribia ubuluu, 4000 ni wa kati, 3000 na 2700 ni mwanga wa njano. Ya pili ni CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, na kilele chake ni 100. Nyingi huandikwa 80. Kuna maboksi yasiyoandika kitu, na mimi huwa najiuliza kwa nini. Kwa mbao zenye wekundu, yaani mninga, mkongo na mkangazi, nataka 3000 na CRI ya 90 au zaidi. Zinapatikana, lazima tu umsumbue muuzaji kidogo, maana yeye mkono wake uko kwenye 6500 tayari.

Najua jibu linalokuja: mwanga wa njano ni giza, ni wa gesti. Hapana. Balbu ya wati 9 yenye 3000 na ya wati 9 yenye 6500, za kampuni moja, hutoa mwanga unaokaribiana sana. Soma lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kwenye boksi utaona. Giza wanalolilalamikia watu mara nyingi linatokana na balbu moja ya katikati ya dari kuachiwa chumba kizima. Ongeza taa ya pembeni, ya kusimama au ya ukutani, hata yenye kava la ukili, uone kama utalalamika. Jikoni, na mezani pa mtoto anayefanya homuweki, weka 4000. Sina ubishi hapo, kitunguu hakikatwi kwa mahaba.

Kinachonikera zaidi ni paini kupakwa rangi ili ionekane mninga. Paini ya Sao Hill, kule Mufindi, ni mbao nzuri, nyepesi, ya bei inayofikika. Mtu anatengeneza milango ya mninga, hela inakata, makabati yanafanywa ya paini. Fundi anachanganya rangi na thina, anajaribisha kipande pembeni mwa mninga wa kweli mpaka vinafanana. Mchana vinafanana kweli. Usiku, chini ya spotilaiti, vinaachana: kimoja kinaelekea machungwa, kingine kinapauka. Rangi mbili zilizotoka kwenye viambato tofauti zinaweza kulingana chini ya mwanga mmoja na kutengana chini ya mwingine, na ndiyo maana viwanda vya rangi na nguo hukagua sampuli chini ya taa za aina zaidi ya moja. Halafu paini hainywi rangi sawasawa. Sehemu zake laini hunywa sana, ngumu hunywa kidogo, na mistari inajigeuza, palipokuwa peupe panakuwa peusi. Mimi nasema iache paini iwe paini, vanishi ya maji isiyo na rangi na basi. Itazidi unjano kadiri jua linavyoipata, na unjano huo unapatana na mninga kuliko uigizaji wowote.

Hapo nagusa ile kanuni kwamba mbao zote za nyumba lazima zifanane. Aliyeileta simjui. Mlango wa mkongo, meza ya mtiki wa Longuza, stuli ya mwembe: vyote vinakaa chumba kimoja bila ugomvi mradi mwanga uwe mmoja. Kinachovuruga ni taa ya njano kona hii na nyeupe kona ile, kila mbao inasema lugha yake.

Kisha mng'ao. Tunapenda samani inayong'aa, kwa sababu kung'aa ndiko upya na ndiko gharama. Lakini uso uliolainishwa kabisa hurudisha taa kama ilivyo. Keti kwenye meza ya chakula iliyopulizwa vanishi ya kioo, juu yake spotilaiti nne: unachokiona mezani ni spotilaiti nne. Mistari ya mbao uliyoilipia iko chini yao, haionekani mpaka uinamishe kichwa. Vanishi yenye nusu mng'ao hutawanya mwanga, jicho linapita mpaka kwenye mbao. Lawama yake ni moja: uso usiong'aa hushika alama za vidole vyenye mafuta, hasa kwenye mbao za giza, na kufuta kwake kuna kazi kidogo. Mwenye watoto wadogo apime mwenyewe. Binafsi navumilia alama.

Ukitaka kujua ubora wa kazi kabla ya kulipa, washa tochi ya simu, ilaze ubavu juu ya ubao ili mwanga upite ukilamba uso. Kila kosa linasimama. Utaona michirizi ya msasa mkali iliyokatiza mistari ya mbao, badala ya kwenda nayo. Utaona vijiduara vya mashine ya msasa, vimejaa rangi ndani. Utaona pale sila, lile koti la chini la kuziba mbao kabla ya vanishi, ilipopulizwa kabla ya vumbi kufutwa, vijipele vidogo ambavyo kiganja kinavihisi kabla ya jicho. Mafundi wazuri hawachukii ukifanya hivyo, wengine wanakupokonya simu wakuonyeshe wenyewe. Na taa za ukutani zinazomulika juu na chini hufanya kazi hiyo hiyo ya tochi kila usiku, kwa hiyo ubao wa ukutani uliopigwa msasa kwa haraka usiuwekee taa ya namna hiyo.

Wapenzi wa mbao za giza wanaobandika kahawia ukuta mzima, chini hadi juu, wangetembelea nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Milango ya kuchonga mizito, boriti za mikoko darini, vyote vya giza. Ila kuta ni chokaa nyeupe, nene, na ndizo zinazobeba mwanga unaoingia kutoka uani na kuutawanya chumbani. Giza la mbao linapendeza kwa sababu weupe uko jirani yake. Ukiufuta weupe huo, hakuna balbu itakayokuokoa, utaongeza wati tu na tokeni za LUKU zitaisha.

Ninachofanya sasa ni kumwomba fundi vipande vitatu vya mbao ile ile atakayoitumia, siyo ya karakana ya jirani, kila kimoja na vanishi yake, koti mbili, kimeshakauka. Navipeleka nyumbani, naviegemeza pale samani itakapokaa, nasubiri saa mbili usiku. Balbu ya 3000 kwanza, halafu ya 6500 kwenye holda ileile. Fundi wengine wananung'unika kwamba ni kupoteza mbao. Walipe hela ya vipande, wananyamaza.

Swali ninaloulizwa sana ni kuhusu ule mkanda wa taa za bluu unaobandikwa nyuma ya televisheni na kuzunguka dari la jipsamu. Ninaweza kueleza kwamba bluu ndiyo rangi ambayo mninga huirudisha kidogo mno, hivyo kabati linakaribia kugeuka jeusi. Lakini hata lingekuwa la paini nyeupe, mimi siupendi tu.