Jeremy Bloom: Mdakaji mpira aliyeponzwa na pesa za theluji

Mwishoni mwa Agosti 2002, katika mechi ya vyuo ya futiboli ya Kimarekani, kijana wa miaka 20 alisimama peke yake nyuma kabisa ya wenzake akisubiri mpira uliopigwa teke juu na wapinzani, chuo cha Colorado State. Aliudaka, akachomoka, na hakuguswa na mtu hadi mstari wa mwisho, yadi 75 mbele. Huo ndio ulikuwa mpira wa kwanza Jeremy Bloom kuushika akiwa na jezi ya Chuo Kikuu cha Colorado. Msimu huohuo, akicheza nafasi ya mpokeaji, yaani yule anayetimka pembeni kwenda kudaka pasi ndefu, alifunga kwa pasi ya yadi 94 dhidi ya Kansas State. Ni karibu mita 86, masafa ambayo wapokeaji wengi humaliza chuo bila kuyaonja.

Misimu miwili baadaye alizuiwa kucheza. Hakuiba, hakupanga matokeo, wala hakutumia dawa. Kosa lake lilikuwa kulipwa kwa ajili ya mchezo mwingine.

Bloom alikuwa pia mteleza kwenye theluji, wa aina ile ya kushuka mlima uliojaa vinundu na kuruka sarakasi njiani. Februari 2002 alishiriki Olimpiki ya Salt Lake City akashika nafasi ya tisa, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Katika mchezo huo hakuna klabu inayokulipa mshahara. Anayekuweka mlimani ni mtengenezaji wa vifaa anayetaka jina lake lionekane kifuani pako, na fedha hizo ndizo zinazolipa kocha, safari na matibabu. Ukimnyima mteleza mikataba ya matangazo, umemnyima mchezo wenyewe.

Upande wa pili ilisimama NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Msingi wake wakati ule ulikuwa ridhaa: mwanafunzi anacheza kwa ufadhili wa masomo, na haruhusiwi kuuza jina au sura yake kwa mfanyabiashara yeyote. Chuo cha Colorado kilimwombea Bloom msamaha, ombi likakataliwa. Akaenda mahakamani kuomba zuio la muda, nako akashindwa. Akaiacha mikataba yake, akavaa jezi ya chuo kwa misimu ya 2002 na 2003, huku rufaa ikiendelea.

Niseme wazi kwamba moyo wangu uko kwa Bloom. Hata hivyo, hoja za NCAA zilikuwa na uzito kuliko mashabiki wake wanavyopenda kukiri.

Hofu yao ilikuwa na historia nyuma yake. Mwaka 1987 chuo cha SMU cha Dallas kilifutiwa msimu mzima kwa sababu matajiri waliokishabikia walikuwa wakiwalipa wachezaji kwa siri. Katika mazingira hayo, tangazo la biashara ni mlango rahisi sana. Tajiri mwenye duka la magari anampa mdakaji mpira maelfu ya dola kwa picha moja ukutani, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba amenunua picha au amenunua mchezaji. Isitoshe, mikataba ya Bloom haikuwa ya vifaa vya theluji pekee. Umaarufu wa Olimpiki ulimletea nafasi ya kuonyesha mavazi ya Tommy Hilfiger na ofa ya kuongoza kipindi cha televisheni. Hapo swali la NCAA lilikuwa halali kabisa: kampuni ya nguo inamtaka mteleza, au inamtaka kijana anayetazamwa na maelfu ya watu kila Jumamosi akikimbia na mpira? Sura ni moja, haigawanyiki.

Mei 2004 Mahakama ya Rufani ya Colorado iliona hivyo. Ilikubali kwamba mwanafunzi ana haki ya kuihoji NCAA mahakamani, jambo ambalo kwa maoni yangu halikupewa umuhimu uliostahili, lakini ikasema tafsiri ya chombo hicho kuhusu kanuni zake haikuwa ya uonevu.

Hapo ndipo ninapotofautiana nayo. Kanuni hizohizo zilimruhusu mwanafunzi kuwa mchezaji wa kulipwa katika mchezo mmoja na wa ridhaa katika mwingine. Ricky Williams alilipwa na timu ya besiboli ya Philadelphia Phillies katika miaka ileile aliyokuwa akikimbia na mpira kwa ajili ya chuo cha Texas, na mwaka 1998 akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Hakuna aliyedai kwamba pesa za besiboli zimemchafua. Basi tofauti kati yake na Bloom ilikuwa mfuko pesa zilikotoka. Mshahara wa timu ulihesabiwa safi, fedha za mdhamini zikahesabiwa chafu, ingawa kwa mteleza mdhamini ndiye mwajiri. NCAA ingeweza kuitenga mikataba ya vifaa vya theluji, ikaipitisha, na ikabaki kubishana naye kuhusu nguo na televisheni. Haikutaka. Ikichelea wadanganyifu ambao ilishindwa kuwakamata, ikamwadhibu mtu aliyeweka karatasi zake zote mezani.

Mwaka 2004 Bloom alichoka kungoja, akachukua wadhamini ili ajiandae kwa Olimpiki. Agosti NCAA ikatangaza kwamba hana sifa tena ya kuchezea chuo, akapoteza misimu yake miwili ya mwisho. Kwenye theluji alistawi: mwaka 2005 alishinda mashindano sita mfululizo ya Kombe la Dunia. Olimpiki ya Turin ya 2006 alimaliza wa sita, na siku chache baadaye alikuwa Indianapolis akipimwa mbio na timu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Timu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Philadelphia Eagles walimchagua raundi ya tano. Msuli wa paja ukamtesa, akaachwa, akajaribu Pittsburgh Steelers, akaachwa tena. Hakucheza hata mechi moja ya msimu rasmi.

Je, NCAA ndiyo iliyomuua kama mwanafutiboli? Wapo wanaosema hivyo bila kusita. Mimi nasita kidogo. Alikuwa mwembamba kwa mchezo ule, na misuli haikumwonea huruma. Ila mpokeaji hujifunza kazi kwa kuirudia: kusoma walinzi, kuzoeana na mrushaji wake, kujua lini akate kona. Misimu miwili bila hayo ni pengo ambalo mbio peke yake haziwezi kuliziba. Nje ya uwanja hakutetereka. Mwaka 2008 alianzisha Wish of a Lifetime, taasisi inayowatimizia wazee ndoto zao, baadaye akaingia katika biashara ya programu za masoko, na mwishoni mwa 2024 akateuliwa kuongoza X Games, mashindano ya michezo ya kuruka na sarakasi.

Julai 2021 NCAA iliacha kuwazuia wanafunzi kuuza majina yao, na Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Katika chuo kilekile cha Colorado, Travis Hunter, mpokeaji ambaye pia alicheza ulinzi, alifanya matangazo hadharani na kutwaa Heisman ya 2024. Lakini lile walilolihofia mawakili wa NCAA nalo limetimia. Vikundi vya matajiri vinachanga fedha, vinaziita za matangazo, na wachezaji wanahama chuo kwa dau. Waliotabiri mafuriko hawakukosea. Walikosea walipodhani ukuta utadumu milele.

Na ukuta haujaanguka kwa wote. Wakimbiaji wa Kenya wamevibeba vyuo vya Marekani tangu enzi za Henry Rono wa Washington State, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, na ilibidi amalize chuo mwaka 2017 ndipo apokee fedha za kampuni ya viatu. Leo kanuni ya ridhaa iliyomfunga haipo, lakini kijana anayeondoka Iten kwenda chuo huko anaingia kwa viza ya wanafunzi iitwayo F-1, inayombana sana kufanya kazi nje ya chuo. Mwenzake Mmarekani wa chumba kimoja anatia saini mkataba wa viatu, yeye anauliza kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama picha yake kwenye tangazo itahesabiwa kuwa kazi.