Kuamsha kumbukumbu, kurudisha kumbukumbu

Mwaka 2008 madaktari wa upasuaji wa ubongo jijini Toronto, Kanada, walichapisha habari za mgonjwa wao mmoja, mwanamume wa miaka 50 mwenye uzito wa kilo 190. Njia nyingine za kumpunguza zilikuwa zimeshindikana, wakajaribu kumtia nyaya mbili nyembamba kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayotawala njaa. Katika upasuaji wa namna hii mgonjwa huwa macho, ngozi ya kichwa imepigwa ganzi, ili aweze kusema anachohisi. Umeme ulipofunguliwa, yule bwana hakuzungumzia njaa. Alisema anajiona bustanini na marafiki zake, ana kama miaka ishirini, na mpenzi wake wa enzi zile yupo. Picha ilikuwa na rangi zake. Aliwaona wakizungumza, ila maneno hakuyashika. Volti zilipoongezwa, mambo yakazidi kumjia waziwazi.

Nyaya zilikuwa zimekaa jirani na foniksi, kifungu cha nyuzi za neva kinachotoka hipokampasi. Hipokampasi ndipo matukio mapya yanapoandikwa kabla ya kuhifadhiwa kwingineko, nayo ni kati ya sehemu zinazoshambuliwa mapema na ugonjwa wa Alzheimer. Andres Lozano, kiongozi wa timu hiyo, na wenzake wakajiuliza swali ambalo yeyote mwenye mzee aliyeanza kusahau angejiuliza: kama umeme umemrudisha mtu bustanini baada ya miaka thelathini, hautamsaidia mgonjwa kukumbuka ya asubuhi hii?

Swali hilo mimi nalifuatilia kwa sababu ya bibi yangu, mzaa mama. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiuliza kama chakula cha mchana kimeiva, na sahani aliyotoka kulia bado iko mbele yake. Lakini ukimpa chane za ukindu, vidole vyake vilisuka ukili bila kukosea, akazungumza huku anasuka, asitazame hata mikono. Sisi wajukuu tulidhani anatufanyia makusudi: anakumbukaje hili asikumbuke lile? Baadaye nikasoma habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyekatwa sehemu kubwa ya hipokampasi mwaka 1953 ili kutibu kifafa, asiweze tena kushika tukio jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku alizidi kuwa stadi, na kila siku aliapa kwamba kazi hiyo hajawahi kuiona. Kumbukumbu zina nyumba nyingi kichwani. Anayeahidi kuirudisha "kumbukumbu" aulizwe kwanza ni ipi.

Toronto walianza na wagonjwa sita wa Alzheimer, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu zilizokuwa zimepoa katika utumiaji wa glukosi, sukari inayoulisha ubongo, zimechangamka tena. Kwa anayejua jinsi ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer unavyopungukiwa na glukosi mwaka hadi mwaka, hilo lilikuwa jambo kubwa, na sishangai kwamba watu walitiwa moyo.

Ukaja mtihani wenyewe. Wagonjwa 42 wa Marekani na Kanada walipasuliwa na kuwekewa vifaa, kisha nusu wakafunguliwa umeme na nusu wakafungiwa kwa mwaka mzima. Wagonjwa hawakujua wako upande upi, wala waliokuwa wakiwapima. Mtu ametobolewa fuvu, betri imelazwa chini ya ngozi ya kifua, na kifaa kimezimwa. Ni jambo zito, lakini bila hivyo hakuna njia ya kutenganisha kazi ya umeme na kazi ya matumaini. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwa ujumla, waliofunguliwa umeme hawakuwapita waliofungiwa katika vipimo vya kumbukumbu na fikra. Glukosi ilipanda katika miezi sita, lakini ilipofika miezi kumi na miwili tofauti haikuwa ya kutegemewa tena. Wenye miaka 65 na zaidi walionekana kunufaika kidogo. Walio chini ya umri huo walielekea kuzorota zaidi.

Kuna jambo moja kutoka kwa wagonjwa haohao ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala wote. Vifaa vilipokuwa vikijaribiwa na volti kupandishwa, karibu nusu yao walijiwa na matukio ya zamani, kama yule bwana wa bustanini. Kwa hiyo umeme uliamsha, na bado mwaka ulipokwisha hawakuwa wakikumbuka vizuri zaidi ya wenzao. Kuamsha tukio lililokwisha kuhifadhiwa ni kazi moja. Kumwezesha mtu ahifadhi la leo ni kazi nyingine, na hii ya pili ndiyo aliyoipoteza bibi yangu. Daktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield wa Montreal aliyaona maajabu ya kwanza zamani sana kwa wagonjwa wa kifafa, akaamini ubongo unarekodi kila kitu kama kanda. Lakini hata kwake, kati ya wagonjwa 520 aliowagusa kwa umeme sehemu za pembeni mwa ubongo, ni 40 tu waliosimulia mambo ya namna hiyo, na wanasayansi waliomfuata waliona mengi yao yakifanana zaidi na ndoto.

Wanaoitetea njia hii wana hoja, tena nzito. Miongo imepita kampuni za dawa zikishindwa. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi ya ugonjwa kwa takribani asilimia 27 katika miezi 18, na baadhi ya wanaoitumia hupata uvimbe au damu kuvuja kwenye ubongo. Kama huo ndio ubora wa dawa, kwa nini mlango wa umeme ufungwe? Tena Alzheimer haiui seli tu, huvuruga mawasiliano baina yake, na mawasiliano ya seli ni umeme. Wagonjwa wa Parkinson wamekuwa wakitulizwa mitetemo kwa nyaya kama hizi tangu Alim-Louis Benabid aanze Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987.

Mfano wa Parkinson naukubali nusu. Mtetemo ni mshindo uliozidi, umeme unauvuruga na mkono unatulia papo hapo. Daktari anaona kwa macho kama amelenga. Katika Alzheimer kinachotakiwa ni kurudisha kilichopungua, na kila mwezi seli zinazidi kufa. Mwaka 2012 watafiti wa Los Angeles waliripoti kwamba kuchochea eneo la kuingilia hipokampasi kuliwasaidia wagonjwa saba wa kifafa kukumbuka njia. Mwaka 2016 timu nyingine, ikiwa na wagonjwa wengi zaidi, ikaripoti kwamba kuchochea maeneo hayo kulivuruga kumbukumbu.

Njia zisizohitaji kutoboa fuvu nazo zina ubishi wake. Timu ya Li-Huei Tsai wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilionyesha mwaka 2016 kwamba taa inayomulika mara 40 kwa sekunde ilipunguza amiloidi, uchafu wa protini unaohusishwa na ugonjwa huu, kwenye ubongo wa panya. Mwaka 2023 maabara ya György Buzsáki jijini New York ilirudia jaribio hilo na haikuyapata matokeo yale. Roma nako, Giacomo Koch na wenzake waliwatumia wagonjwa 50 mapigo ya sumaku kwa wiki 24. Waliopata sumaku ya kweli walibaki karibu walipokuwa, waliopata ya bandia wakashuka. Hilo la Roma ndilo linalonipa matumaini kuliko yote, ingawa watu 50 ni wachache.

Na kwetu? Huko Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na fikra kwa ugonjwa kama Alzheimer, kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Huko huko watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, na wenzao wa Uingereza wakajaribu kuchochea ubongo kwa njia isiyo na waya: wazee wanakutana katika kikundi kidogo, mara 14 kwa wiki saba, wanazungumza na kufanya shughuli zilizopangwa makusudi kuwafikirisha. Vipimo vya fikra na vya ubora wa maisha vilipanda. Nikiwa mkali kwa waya, haki inanitaka niwe mkali hapa pia: waliohusika walikuwa wachache, na mzee hawezi kufichwa kama yuko kwenye kikundi au hayuko. Lakini anayekosea katika njia hii amepoteza mchana mmoja wa mazungumzo. Anayekosea katika ile ya Toronto amepasua kichwa cha mtu ambaye kesho huenda hakumbuki kwamba alikubali.

Jambo hilo la ridhaa ndilo linaloniumiza nikifikiri. Majaribio yaliyofuata ya foniksi yamepangwa kwa wenye miaka 65 na kuendelea tu, na nayaunga mkono, maana bila upande wa kulinganisha tutabaki kuuziana ndoto, kama wanavyofanya tayari wauzaji wa mikanda ya kichwa ya umeme mtandaoni. Ila kama bibi yangu angekuwa hai na fomu imeletwa mezani, ya sumaku ningemsomea polepole, mara tatu, siku tatu tofauti, na akikubali mara zote tatu ningeshuhudia sahihi yake. Ya kutoboa nisingeshuhudia, kwa ushahidi uliopo leo. Ningemwekea chane za ukindu mapajani, nikae karibu yake, anisimulie kwa mara ya kumi jinsi mama yake alivyomfundisha kuanza ukili.