Kabla ya kuchagua mtaala, uliza nani yuko nyumbani saa nne asubuhi

Swali ninaloulizwa zaidi na Watanzania wenzangu hapa Houston, na siku hizi hata na ndugu walioko Dar na Tanga, ni mtaala gani ulio bora kwa kumsomesha mtoto nyumbani. Nami huwarudishia swali: Jumanne saa nne asubuhi, nani yuko nyumbani kwako, amelala saa ngapi usiku uliopita, na ana watoto wangapi wengine wa kuangalia? Jibu la hapo ndilo linalochagua mtaala. Sifa za kitabu hufuata nyuma.

Mitaala mingi inayouzwa Marekani imeandikwa kwa ajili ya nyumba ya aina moja: mzazi mmoja hafanyi kazi ya nje, mshahara wa mwenzake unatosha, na mchana kutwa ni wa watoto. Nyumba za wahamiaji ninazozifahamu haziko hivyo. Kwetu mume wangu anafanya kazi ghalani usiku, anarudi asubuhi na kulala mpaka saa nane mchana. Mimi ni msaidizi wa wauguzi, nachukua zamu ndefu za Jumamosi na Jumapili ili siku za katikati ya wiki niwe na watoto. Tunaishi kwenye fleti ambayo ukuta mmoja tu unatenganisha meza ya kusomea na kitanda cha baba. Kwa hiyo mtaala wowote unaofundisha kwa nyimbo na kupiga makofi, hata uwe mzuri namna gani, kwetu haufanyi kazi kabla ya saa nane. Hakuna tovuti ya wauzaji inayokuuliza kama kuna mtu amelala chumba cha pili.

Jimbo letu la Texas linampa mzazi uhuru ambao aliyekulia Tanzania huchukua muda kuuamini. Tangu hukumu ya kesi ya Leeper, ya wazazi waliosomesha nyumbani, mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kama shule binafsi. Mzazi anatakiwa awe na mtaala wa kweli unaogusa kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Sayansi haimo kwenye orodha hiyo. Hakuna mkaguzi, hakuna usajili, hakuna mtihani wa serikali. Kama mtoto tayari anasoma shule ya umma, unaandika barua ya kumtoa, basi. Shoga yangu aliyehamia jimbo la Pennsylvania alikuta mambo mengine kabisa: hati ya kiapo kila mwaka, siku 180 za masomo, jalada la kazi za mtoto linalopitiwa na mtathmini, na mitihani sanifu darasa la tatu, la tano na la nane. Ndugu walioko Ujerumani hawana nafasi hiyo hata kidogo, kwa sababu huko sheria inamtaka mtoto ahudhurie shule.

Wenzangu wa hapa hawapendi nikisema, lakini naona Pennsylvania wako karibu zaidi na ukweli wa maisha. Nyumbani Tanzania mtoto wa darasa la pili asiyejua kusoma hawezi kujificha muda mrefu. Shangazi atakuja Idi, atamwita, atampa gazeti na kumwambia, "Hebu nisomee hapa." Jirani atamtuma dukani na karatasi ya vitu vya kununua. Babu atamuuliza saba mara nane mbele za watu. Huku mtoto anaweza kubaki nyuma mwaka mzima bila mtu yeyote nje ya nyumba kujua, na mama mwenye uchovu akajiridhisha kwamba mambo yanakwenda. Ndiyo maana mimi huwanunulia wanangu mtihani sanifu kila mwisho wa mwaka, ingawa Texas hainidai. Na kila Ijumaa mmoja wao humpigia bibi yake wa Tanga simu ya video na kumsomea kurasa mbili. Bibi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hasifii ovyo.

Mtu wa nyumbani akisikia hivi huona kama sisi tumepata kila kitu. Nawaangalia watoto wa dada yangu Dar: basi la shule linawachukua alfajiri gizani, linawarudisha jioni, Jumamosi ni tuisheni. Wana bibi, wana binamu, wana dada wa kazi, wana chuo cha Kurani jirani, wana watu wazima wengi wanaowajua kwa majina. Ila mama yao hana neno kuhusu wanachosoma: muhtasari unatoka Taasisi ya Elimu, mtihani unatoka Baraza la Mitihani. Mimi niko upande wa pili. Naamua kila ukurasa, lakini nikiugua homa hakuna wa kunishikia kitabu.

Sasa niseme mitaala yenyewe, maana najua ndiyo wengi wameifuata.

Hisabati ndipo fedha nyingi hupotea. Saxon hutoa kijisehemu kidogo kipya kila somo, kisha mtoto hufanya maswali mengi yaliyochanganya mambo ya nyuma. Ni kavu, haina picha za kupendeza, lakini mtoto wa miaka kumi na zaidi anaweza kuisoma mwenyewe baba akiwa amelala, na marudio yake yanamsaidia mzazi asiyekumbuka kila mara kupima. Math-U-See ina vitalu vya rangi na video ya mwalimu. Mtoto hukaa na jambo moja mpaka alimudu. Kujumlisha na kutoa kwanza, kuzidisha kuna kitabu chake, kugawanya chake, na hesabu za sehemu (nusu, robo) ndipo hushika kitabu kizima baada ya hapo. Kwa mtoto anayehofia namba ni dawa. Kwa familia inayofikiria kurudi Tanzania katikati ya safari ni hatari, kwa sababu kule nusu na robo huanza mapema, na mtoto wako atakaa darasani na wenzake wanaojumlisha sehemu huku yeye hajazigusa. Mtaala wa hisabati wa Singapore unaanza na vitu vya kushika, unakwenda kwenye picha, ndipo namba tupu, na mafumbo yake yanafanana na yale tuliyochapwa nayo darasa la sita. Huo ndio niliomchukulia binti yangu mkubwa. Ila unamtaka mzazi ajifunze kwanza kuchora ile mistatili ya kuwakilisha namba. Asiye na nusu saa ya utulivu usiku asiuchukue.

Kuna jambo ambalo sijaona likisemwa kwa wahamiaji. Vitabu vya Marekani vinafundisha inchi, futi, pauni, galoni na joto la Fahrenheit. Mtoto anaweza kupata alama zote za vipimo na bado akafika soko la Tanga asijue kilo mbili za unga ni mzigo wa namna gani. Nimenunua mizani ya jikoni na nimeiweka kwenye gramu daima. Maandazi ya Alhamisi ni somo la vipimo: nani apime unga, nani apime sukari, nani azidishe mara moja na nusu kwa sababu wageni wanakuja.

Kusoma ndiko ninakosimama imara zaidi. Wanangu wote watatu wamejifunza kusoma Kiswahili kabla ya Kiingereza, na nitamshauri hivyo kila mzazi anayezungumza Kiswahili nyumbani. Lugha yetu husomwa kama inavyoandikwa. Mtoto akishajua a, e, i, o, u, akapata ba be bi bo bu, kisha ma me mi mo mu, tayari anasoma baba, babu, bibi, mama, bila kulazimika kukariri neno zima. Anaonja ushindi wa kusoma akiwa bado mdogo. Akifika kwenye Kiingereza, ambako though, through na tough zinafanana kwa macho na kutofautiana kwa sikio, anajua tayari kwamba herufi zina maana, na hakati tamaa. Kwa wiki kadhaa atasoma make kama ma-ke. Mwache, inapita.

Vitabu vya kazi hiyo vipo bure. Mwaka 2015 Tanzania ilipanga upya darasa la kwanza na la pili ili mkazo uwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Nachapa kurasa chache maktaba ya mtaa, mtoto anaandika juu yake. Wazazi wanaolipa mamia ya dola kwa programu za fonimu (sauti za herufi) za Kiingereza mtoto akiwa na miaka minne, huku Kiswahili wakisema kitakuja chenyewe, naona wanalipa ili kupoteza. Huku Kiswahili hakiji chenyewe. Runinga, jirani, duka, watoto wa uwanjani, vyote vinavuta upande mmoja. Kisipokuwa somo la kwanza asubuhi, akili ikiwa mpya, kitabaki kuwa lugha ya kukemea na kuita chakula.

Historia sitaisemea sana. Afrika katika vitabu vingi vya hapa ni Misri ya kale, kisha meli za watumwa, kisha kimya. Kilwa aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331, Majimaji ya 1905 hadi 1907, Uhuru wa 1961, Muungano wa 1964: hayo utayapanga mwenyewe, na ramani ukutani itakusaidia kuliko kitabu chochote.

Siku yetu yenyewe ni fupi. Saa tatu mpaka saa sita ni Kiswahili, hisabati na Kiingereza, kwa sauti ya chini. Wanaosoma silabi kwa kupaza sauti hutoka nje barazani, au twende maktaba wote. Baba akiamka ndipo sayansi, nyimbo, video na kelele. Jumatano ni siku ya kufua. Mashine ziko chini ya jengo, na kila mtoto anashuka na daftari lake pamoja na kapu. Mkubwa anachambua mchele na kumsikiliza mdogo imla kwa wakati mmoja. Watu hunihurumia wakisikia masomo ya asubuhi yanachukua muda wa saa tatu tu. Lakini darasani mwalimu mmoja ana watoto wengi wa kunyamazisha, kupanga foleni na kusubiri. Mtoto mdogo aliyekaa na mama ubavuni humaliza mapema, na muda unaobaki ni wa kucheza, kupika na kulala mchana.

Kuhusu marafiki, tumejiunga na kikundi cha wazazi wanaokutana mara moja kwa wiki na kubadilishana masomo. Inatosha kwa kucheza. Haifiki mtaani kwetu Tanga, ambako mtoto anatoka nje bila miadi na kurudi magharibi ikiadhiniwa. Hilo nimelikosa na wanangu wamelikosa, na hakuna mtaala unaoliuza.

Sasa kuna fedha. Sheria iliyosainiwa Texas Mei 2025 inaruhusu familia zinazosomesha nyumbani kuomba hadi dola 2,000 kwa mtoto kuanzia mwaka wa masomo 2026–27. Wahamiaji wasome vizuri masharti ya uraia na ukaazi wa mtoto kabla ya kujaza fomu. Na watakaopata, nawaomba wasikimbilie sanduku kubwa la masomo yote. Nunueni hisabati moja inayolingana na usingizi wenu, na fedha zenu wenyewe mtakazookoa mlipie mwalimu wa kuogelea au mtu wa kuwashikia watoto asubuhi mbili ili mama alale.

Kwa ndugu wa Dar wanaotaka niwatumie sanduku la Marekani, jibu langu ni hapana. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria, na sanduku halitabadilisha hilo. Mnachoweza kupanga wenyewe ni saa za mtoto. Chagueni shule iliyo karibu hata kama jina lake si kubwa, mtoto apande basi jua likiwa limechomoza. Futeni tuisheni ya Jumamosi ya mtoto wa darasa la pili. Serikali ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne mwaka 2023, niliwasikia jamaa wakilalamika, mimi nilifurahi. Mna watu nyumbani ambao sisi huku tungelipa kwa dola kuwapata, na watoto mnawaacha wakae nao usiku tu.

Ombi langu kwa nchi ni moja. Kidato cha nne na cha sita vina nafasi ya watahiniwa wa kujitegemea. Mabadiliko yaliyoanza Januari 2024 yanapunguza shule ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na kila kitu kinapangwa upya wakati huu. Ndio wakati wa kuweka, kwa mtoto wa Mtanzania aliyesomea nyumbani ughaibuni, mtihani wa kumpanga darasa kwa uwezo wake, ili akirudi akiwa na miaka kumi na mmoja, anasoma Kiswahili sawasawa na anajua sehemu, asirudishwe darasa la tatu kwa kukosa cheti cha shule.